Kuanza Kozi ya Uhalisia Pepe: Kumbukumbu za Jinja na Mbale

Uhalisia pepe husimama juu ya mambo matatu. Kila jicho lipate picha yake, na picha hizo mbili zitofautiane kidogo kwa kadiri macho yalivyoachana usoni. Picha zigeuke kila kichwa kinapogeuka. Na mgeuko huo usichelewe: kuchelewa kukizidi takriban milisekunde 20, mwili huanza kushuku, na dakika chache baadaye tumbo nalo hutoa maoni yake. Sauti, mikono, wahusika wa kuchorwa na mengine yote huja juu ya msingi huo.

Kozi nzuri ya chuo kikuu humfikisha mwanafunzi kwenye mambo hayo mapema, kabla hajashika kifaa cha bei kubwa. Walioanza somo hili mashariki mwa Uganda walifikishwa huko kwa kukosa kifaa, bila mtu kupanga iwe hivyo. Kumbukumbu zinazofuata ni za mwanafunzi mmoja, mwandishi wa makala haya, aliyeanza kozi Jinja mwaka 2020 na kuimalizia Mbale. Zinaonyesha kwamba kule kukosa kuliwafunza wanafunzi mambo ambayo maabara yenye kila kitu ingeweza kuwaficha.

Fani yenyewe ina umri. Morton Heilig alipata hataza ya Sensorama, kabati la sinema lililompulizia mtazamaji upepo na harufu, mwaka 1962, mwaka ule ule Uganda ilipopata uhuru. Mwaka 1968 Ivan Sutherland wa Marekani alionyesha kifaa cha kuvaliwa kichwani ambacho kilikuwa kizito hata ikabidi kining'inizwe darini. Kwa miongo kadhaa mambo hayo yalibaki katika maabara za wenye fedha. Mwaka 2012 Palmer Luckey akachangisha fedha kutoka kwa umma ili kutengeneza miwani ya Oculus Rift, na mwaka 2014 Facebook ikainunua kampuni yake kwa dola zipatazo bilioni 2. Magazeti yaliandika sana habari ya mabilioni hayo. Kwa mwanafunzi wa Jinja, habari kubwa ya mwaka huo ilikuwa nyingine kabisa: Google walitoa Cardboard, boksi la karatasi ngumu lenye lenzi mbili ambamo mtu aliingiza simu yake mwenyewe, na vipimo vyake vikaachwa wazi ili yeyote ajitengenezee.

Kozi inayozungumziwa hapa ni ile ya Chuo Kikuu cha London iliyowekwa kwenye Coursera mwaka 2017 na wahadhiri wa chuo chake cha Goldsmiths, Marco Gillies na Sylvia Pan. Ina sehemu tano: utangulizi, maumbo ya pande tatu, usanifu wa vitendo, wahusika wanaoweza kuzungumza na mtumiaji, na mchezo wa mwisho. Vyuo vya Uganda vilipofungwa Machi 2020, wanafunzi wa vyuo vya Mbale walirudi makwao. Waliotoka Jinja walijikuta katika vyumba vya Walukuba, mtaa wa Jinja, wakiwa na simu, laptopu ya kushirikiana na ndugu, na muda mwingi mno. Aliyeomba msaada wa ada alieleza kwa maandishi kwa nini hawezi kulipa, akasubiri jibu, kisha akaanza. Video za mihadhara zilishushwa usiku kwa bando la usiku na kutazamwa mchana bila mtandao. Umeme ulikatika mara kwa mara, jambo la kuchekesha kidogo katika mji ambao bwawa lake limekuwa likizalisha umeme wa nchi tangu 1954.

Kizuizi cha kwanza cha kweli kilikuwa simu. Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa Main Street, Jinja, au Naboa Road, Mbale, zina akselerometa lakini hazina jairoskopu, na muuzaji hana sababu ya kulitaja hilo kwa sababu hakuna mteja anayeuliza. Tofauti ya vihisio hivi viwili ndiyo somo la kwanza la uhalisia pepe, na anayeikosa kwenye simu yake huielewa kuliko aliyeisoma tu. Akselerometa huhisi mvuto wa dunia. Kwa hiyo hujua kwamba simu imeinamishwa, imeinuliwa au imelazwa ubavu. Haijui kwamba imegeuzwa kushoto au kulia, kwa maana mtu anapozunguka kwenye kiti mvuto wa dunia haubadiliki hata kidogo. Aliyevaa boksi lenye simu ya namna hiyo akitazama juu huona anga, akitazama chini huona sakafu, lakini akigeuka kulia, dunia nzima humfuata na kubaki mbele ya pua yake.

Kuna njia ya kuziba pengo hilo kwa dira ya sumaku iliyomo ndani ya simu nyingi. Njia hiyo hufanya kazi vizuri uwanjani. Ndani ya chumba chenye nondo za chuma dirishani na mabati juu, dira huyumba, na dunia pepe huyumba pamoja nayo. Tena toleo la kwanza la Cardboard lilitumia sumaku pembeni mwa boksi kuwa kitufe, kwa hiyo kila ukibonyeza, kaskazini ilihama. Toleo la mwaka 2015 liliondoa sumaku hiyo na kuweka kitufe kinachogusa kioo cha simu.

Jairoskopu nayo haiko salama peke yake. Yenyewe hupima kasi ya mzunguko, si mahali kichwa kilipo, na programu hulazimika kujumlisha vipande vidogo vidogo vya mzunguko ili kukisia uso unaelekea wapi. Kila kipande kina kosa dogo, na makosa hujikusanya hadi mandhari ianze kuteleza polepole upande mmoja ingawa mtu ametulia. Dawa yake ni kuchanganya vihisio: jairoskopu kwa mabadiliko ya haraka, akselerometa kuikumbusha chini ni wapi, dira kuikumbusha kaskazini. Steven LaValle, aliyekuwa mwanasayansi wa Oculus katika miaka yake ya mwanzo, ameyaeleza haya kwa hesabu zake zote katika kitabu chake cha uhalisia pepe, ambacho amekiweka kwenye mtandao bila malipo. Kwa mwanafunzi asiye na maktaba ya fani hii karibu, kitabu hicho kina thamani kuliko miwani yoyote.

Ushauri unaotokana na hayo ni wa dukani. Kabla ya kununua simu kwa ajili ya kozi, weka programu ndogo ya bure ya kuorodhesha vihisio, kisha utafute jina la jairoskopu katika orodha. Lisipokuwepo, rudisha simu mezani. Simu ya mtumba ya daraja la juu, hata kama kioo kina ufa pembeni, ni afadhali kuliko mpya ya bei hiyo hiyo isiyo na kihisio hicho.

Baada ya simu lilikuja boksi. Katoni ya sabuni, kisu, gundi na mpira wa kufungia vinapatikana kila mahali. Shida ni lenzi. Waliosoma fizikia ya sekondari Uganda wanazijua lenzi mbinuko za mtihani wa vitendo, zenye umbali wa fokasi wa sentimita 10 au 15, na wazo la kwanza la wengi ni kuziazima hizo. Zinafanya kazi, lakini vibaya, na hesabu inaonyesha sababu. Simu yenye kioo cha upana wa sentimita 12 humpa kila jicho sentimita 6. Lenzi ya sentimita 10 ikiwekwa mbele ya picha hiyo hutoa uwanja wa kuona wa nyuzi 33 hivi. Ni kama kuchungulia sebule ya jirani kupitia tundu la ufunguo: unaona, lakini hujaingia. Lenzi za Cardboard ya kwanza zilikuwa na fokasi ya milimita 45, na kwa picha ile ile uwanja hupanuka hadi nyuzi 67. Hapo ndipo kingo za picha zinapoanza kusahaulika na mwili unapoanza kukubali.

Fokasi fupi ina gharama zake. Picha hupinda pembeni, mistari iliyonyooka ikabonyea kuelekea katikati, hivyo programu hulazimika kuipinda kwanza kwa upande wa pili, kama ukingo wa pipa, ili lenzi iinyooshe. Ndiyo maana maboksi mengi yana alama ya mraba ya kuskani: alama hiyo huiambia simu ni lenzi gani zimetumika na zimekaa umbali gani. Aliyejitengenezea boksi la katoni hana alama. Lazima apime mwenyewe na kuingiza namba, na kazi hiyo ya jioni moja hufundisha mambo ya macho ambayo sura nzima ya kitabu huyagusa kwa mbali. Umbali baina ya mboni za macho nao lazima upimwe. Wastani wa watu wazima ni milimita 63 hivi, lakini yupo mwenye 57 na yupo mwenye 70, na boksi lililotobolewa kwa ajili ya mmoja humchosha mwingine.

Mtu anaweza kudhani kwamba boksi la karatasi ni mchezo wa kungojea vifaa halisi. Sivyo. Upande wa pili wa mpaka, Busia ya Kenya, wauguzi na wakunga walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021 juu ya kufufua pumzi ya watoto wachanga, na mazoezi yao ya uhalisia pepe yalifanywa kwa simu zilizoingizwa katika miwani ya bei nafuu. Utafiti huo ulifanyika pia Lagos, Nigeria. Mada ilikuwa ya uhai na kifo, na simu ndani ya miwani ya bei nafuu ilitosha kwa mazoezi hayo.

Programu zilikuwa mtihani wa aina nyingine. Kozi ilitumia Unity, programu ya kuundia michezo ya kompyuta, ambayo ni bure kwa mwanafunzi lakini hudai gigabaiti kadhaa, kisha gigabaiti nyingine kwa vifaa vya kuandalia programu za Android. Mtandao ukikatika katikati, baadhi ya vipande huanza upya. Wanafunzi walizoea kumwachia mwenzao mmoja mwenye mtandao mzuri ashushe kila kitu, kisha wakagawana kwa flashi. Sharti likawa moja: kundi zima litumie toleo lile lile, kwa kuwa mradi uliohifadhiwa katika toleo jipya haufunguki vizuri katika la zamani. Laptopu yenye memori ya gigabaiti 4 huifungua Unity kwa kuugua. Mwandishi alijifunza kufunga kila kitu kingine, hata kivinjari, kabla ya kubofya.

Njia nyepesi ilikuwepo, na haitajwi vya kutosha kwa wanaoanza. Desemba 2015 Mozilla walitoa A-Frame, maktaba ya kuundia mandhari ya uhalisia pepe ndani ya kivinjari. Faili lake lote ni dogo, mandhari huandikwa kwa kihariri chochote cha maandishi, na mistari kumi tu inatosha kuweka sakafu, anga na nyumba. Ina mtego mmoja unaowakwamisha wengi: vivinjari vya simu havitoi habari za vihisio kwa ukurasa usio salama, kwa hiyo ukurasa uliofunguka vizuri kwenye laptopu hukataa kugeuka na kichwa unapofunguliwa kwenye simu kupitia hotspoti ya nyumbani. Tiba ni kuuweka kwenye seva ya bure yenye anwani ya https. Kozi ikifundishwa tena mahali penye mtandao wa kuhesabu megabaiti, busara ni kuanza na A-Frame kwa wiki za kwanza, na Unity ije mwanafunzi akishajua anachokitafuta.

Katika A-Frame na Unity pia, kipimo kimoja ni mita moja. Jambo hilo linaonekana dogo hadi mtu avae boksi. Kwenye kioo bapa, mlango wa mita 3 na mlango wa mita 2 hufanana, maana jicho halina cha kulinganisha nacho. Ndani ya miwani, kamera ikiwa imewekwa kwenye kimo cha mita 1.6, mlango wa mita 3 humgeuza mtazamaji kuwa mtoto. Kwa hiyo wiki ya maumbo ya pande tatu iligeuka kuwa wiki ya futikamba. Main Street ya Jinja ilifaa sana kwa zoezi hili: maduka ya Wahindi ya miongo ya kabla ya uhuru, yenye veranda za nguzo na majina ya wenyewe na miaka yakiwa yamechongwa juu ya paa, mengi yakiwa yameachwa na wenyewe walipofukuzwa mwaka 1972. Nguzo ilipimwa, kina cha veranda kikapimwa, kimo cha ngazi ya kuingilia dukani kikapimwa, na hapo Blender, programu ya bure ya kuchonga maumbo, ikafanya kazi yake. Njia ya kuunda umbo kutokana na picha nyingi za kamera ilijaribiwa kwa programu ya bure ya Meshroom, lakini hatua yake nzito hutaka kadi ya picha ya NVIDIA ambayo laptopu za kawaida hazina. Futikamba haikudai kadi.

Wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliporuhusiwa kurudi vyuoni Oktoba 2020, kazi ilihamia Mbale. Safari ya taksi kutoka Jinja kupitia Iganga na barabara ya Tirinyi ni kama kilomita 150, na sehemu yake hupita kwenye vinamasi na mashamba ya mpunga. Abiria anayesoma simu njiani huhisi kichefuchefu: sikio la ndani linasema mwili unatembea, jicho lililokodolea maandishi linasema umetulia. Uhalisia pepe hugeuza ugomvi huo. Jicho linaona mwendo, sikio la ndani linasema mtu ameketi kitini Nkoma, Mbale. Ndiyo maana kumtembeza mtumiaji kwa laini laini, kama kwenye sinema, ndiyo njia ya haraka zaidi ya kumtapisha, na wabunifu hupendelea kumhamisha kwa mruko: anatazama mahali, anabonyeza, yuko pale. Kiwango cha fremu nacho huchangia. Miwani ya kompyuta ililenga fremu 90 kwa sekunde, na simu ya kawaida hutoa 60 ikiwa mandhari si nzito. Katika mtaa wa maduka uliojaa nguzo, 60 hushuka hadi 20 bila hodi. Hapo haupunguzwi ubora wa picha kwanza, hupunguzwa idadi ya vitu.

Uchaguzi wa mada ya mradi ndio uliozua mjadala mrefu kuliko mwingine wowote. Wengi wa Jinja walitaka kuyarudisha maporomoko ya Bujagali, yaliyofunikwa na maji ya bwawa mwaka 2011, au yale ya Ripon yaliyozama bwawa la Owen Falls lilipokamilika 1954. Mada ni nzuri, ila kwa anayeanza ni ngumu kuliko inavyoonekana. Maji yanayoporomoka ni miongoni mwa vitu vizito zaidi kuchora, na picha zilizobaki hazina vipimo. Kinyume chake ni makaburi ya wafalme wa Buganda ya Kasubi, Kampala: shirika la CyArk lilikuwa na data za skani za leza za mwaka 2009, na moto ulipoteketeza jengo kuu usiku wa Machi 16, 2010, data hizo zilikuwa tayari mkononi. Kwa mwanafunzi, maana yake ni kwamba kinachofaa kuchukuliwa ni kile ambacho bado kimesimama.

Mbale ilitoa mada nyingine iliyokaribia kukubaliwa: imbalu, tohara ya Wamasaba, inayofanywa katika miaka shufwa na kufunguliwa kwenye uwanja wa Mutoto. Video ya nyuzi 360 humweka mtazamaji katikati ya ngoma, jambo ambalo picha ya kawaida haiwezi. Lakini kamera ya nyuzi 360 haichagui. Hunasa kila uso uliokuwepo, pamoja na wale waliodhani kamera inatazama kwingine, na kijana anayesimama kutahiriwa hana nafasi ya kufikiri juu ya ridhaa saa ile. Mada iliachwa, na kwa maoni ya mwandishi iliachwa kwa haki. Wasanii wa Nairobi walionyesha njia nyingine ya kutumia mji wao: *Nairobi Berries* ya Ng'endo Mukii na *Let This Be a Warning* ya The Nest Collective zilijenga ndoto na dhana badala ya kuelekeza kamera kwa wapita njia. Veranda za Main Street zikashinda.

Kuhusu miwani ya dukani, wakati haukuwa mzuri. Oculus Quest 2 ilitoka Oktoba 2020 ikimtaka kila mtumiaji mpya aingie kwa akaunti ya Facebook. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, Facebook ilifungwa Uganda, na haikufunguliwa baada ya kura. Mwenye miwani hiyo nchini alihitaji VPN ili tu aiwashe mara ya kwanza, hadi sharti la Facebook lilipoondolewa mwaka 2022. Machi 2021 Google nao wakaacha kuuza Cardboard, ingawa programu zake walikuwa wameziachia umma mwaka 2019, na maboksi ya katoni hayakujua habari hiyo. Tofauti ya kweli baina ya vifaa hivi ni namna ya kujongea. Boksi hufuata mageuko matatu ya kichwa tu. Quest hufuata pia mwili unapopiga hatua, kuinama au kusogea pembeni. Sehemu mbili za mwanzo za kozi hazihitaji hilo. Kuanzia sehemu ya tatu, inayohusu mikono na kushika vitu, boksi hufika mwisho wake, na hapo idara inayonunua miwani moja au mbili za kushirikiana hutumia fedha vizuri kuliko ile inayonunua kumi kabla mwanafunzi hata mmoja hajapima mlango.

Kazi ya mwisho ya utangulizi husahihishwa na wanafunzi wengine, kila mmoja akitazama kazi za wengine kutoka nchi mbalimbali. Kabla ya kuituma, hujaribiwa na watu wa karibu, na majaribio hayo yana adabu zake. Mtumiaji aketi kwenye kiti kinachozunguka, au kikikosekana, asimamiwe na mtu. Lenzi zifutwe kabla ya kila uso mpya. Mbuni asiseme neno, maana akianza kueleza, hatajua kamwe ni wapi kazi yake ilishindwa kujieleza. Mbale, wajaribu wa kwanza wa mtaa wa maduka hawakutazama nguzo zilizopimwa kwa sentimita. Walitazama chini kutafuta miguu yao, wakaikosa, na wawili wakauliza iko wapi. Toleo lililotumwa kusahihishwa lilikuwa na kivuli cha mwili sakafuni, na wasahihishaji hawakusema lolote juu yake. Walisifu veranda.